Mtutu mpya wa bunduki: usafi wa kwanza, na kama kuna haja ya kuuzoesha

Mtutu mpya lazima usafishwe kabla haujapigwa risasi ya kwanza. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kinachofuata: je, upige risasi moja, usafishe, upige nyingine, usafishe tena, mpaka zifike 20 au 50, kama baadhi ya watengenezaji wanavyoelekeza? Huko ndiko kuitwako kuuzoesha mtutu. Kwa bunduki ya kawaida ya kiwandani, risasi 5 hadi 10 za namna hiyo zinatosha kabisa, na hata ukiziruka hutaua mtutu. Kinachoua mitutu mingi ni usafi uliofanywa vibaya: mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu) uliopinda, brashi iliyorudishwa nyuma ikiwa katikati ya mtutu, dawa kali iliyosahaulika ndani usiku kucha. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mdeki, dawa na vitambaa kuliko kwenye hesabu ya risasi.

Mfano tunaoufuata ni bunduki ya bolti, yaani ile unayoifungua na kuifunga kwa komeo la mkono kila unapopiga, ya .375 H&H Magnum, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ni chaguo la kawaida la mwindaji wa nyati Tanzania. Risasi zake ni ghali, kibali kinaweka ukomo wa idadi unayoweza kuwa nayo, na teke lake ni zito. Kupiga 50 kwa ajili ya kuuzoesha mtutu tu ni kuchoma fedha na kuumiza bega. Hatua hizi hizi zinafaa pia kwa .308, .30-06 na nyinginezo za aina hiyo. Bunduki ya .22 ina habari yake, nayo iko mwishoni.

Ndani ya mtutu mpya kuna nini

Mtutu hutobolewa kwanza, kisha huwekwa mifereji ya msokoto inayoizungusha risasi. Viwanda vya Sako, Tikka na CZ huufua mtutu kwa nyundo za mashine juu ya nondo ngumu yenye umbo la mifereji. Shilen wa Texas hupitisha kitufe kigumu ndani ya tundu kikiacha alama ya mifereji. Krieger wa Wisconsin hukata kila mfereji kwa kisu kinachokwangua kidogo kidogo. Watengenezaji wa mitutu ya mashindano huendelea kuusugua kwa mkono kwa unga wa kung'arishia, lakini bunduki nyingi za kiwandani hazipiti hatua hiyo.

Baada ya mifereji ndipo chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, inapokatwa, na hapa ndipo penye kiini cha hadithi yote ya kuzoesha. Kisu cha chemba huzunguka, kwa hiyo kwenye koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia, kinaacha mikwaruzo myembamba inayokatiza njia ya risasi. Risasi za mwanzo hukwaruzwa hapo. Shaba ya ganda lake la nje hupukutika, gesi yenye joto kali huibeba ikiwa mvuke na kuibandika mbele zaidi ndani ya mtutu. Ukipiga risasi inayofuata juu ya shaba hiyo, unaikandamiza. Ukiitoa kwanza, risasi inayofuata inagusa chuma chenyewe na kukilainisha kidogo. Hiyo ndiyo hoja nzima ya wanaotetea zoezi hili, na ni hoja yenye mantiki.

Ila angalia mipaka yake. Inahusu koo, si mtutu mzima, na koo hulainika kwa risasi chache. Mtutu uliosuguliwa kwa mkono nao hauepuki jambo hili, kwa sababu chemba hukatwa baada ya kusuguliwa. Kwa upande mwingine, baadhi ya mitutu ya kufuliwa kwa nyundo hufuliwa pamoja na chemba yake, na hiyo haina mikwaruzo mingi ya kuondoa. Chuma kisichoshika kutu kwa kawaida hutulia kwa risasi chache kuliko chuma cha kawaida chenye kromu na molibdenamu. Mitutu ya kijeshi iliyopakwa kromu ngumu ndani haihitaji zoezi hili hata kidogo.

Watengenezaji wenyewe hawakubaliani. Krieger wanatoa utaratibu na kueleza sababu zake. Shilen wamesema wazi kwamba waliweka utaratibu kwa kuwa wateja waliutaka, si kwa kuwa wao wanauona una uzito mkubwa. Marehemu Gale McMillan, fundi mashuhuri wa Marekani, alipinga kabisa: kwake kila risasi inakula umri wa mtutu, na anayenufaika na zoezi hilo ni muuza mitutu. Ugomvi huu haumaliziki kwa sababu moja ya msingi: mtutu mmoja hauwezi kuzoeshwa na pia usizoeshwe. Mtu akizoesha mtutu wake ukapiga vizuri, hana namna ya kujua kama ungepiga vibaya bila hivyo.

Msimamo wetu ni huu: fanya zoezi fupi, kwa sababu risasi hizo hizo utazitumia kurekebisha darubini, na kwa sababu vitambaa vitakuonyesha tabia ya mtutu wako. Usilifanye kwa hofu.

Vifaa

Mdeki uwe wa kipande kimoja, wa chuma kilichovikwa plastiki au wa nyuzi za kaboni. Kwa mtutu wa sentimita 60 chukua mdeki usiopungua sentimita 90, kwani lazima upite kwanza kwenye mwili wa bunduki. Mpini wake uzunguke wenyewe, ili kitambaa kifuate msokoto wa mifereji. Mideki ya kuunganisha vipande vitatu au vinne inapinda ukiisukuma, na viungo vyake vinakwaruza; ibaki kwenye begi kwa dharura ya porini.

Kiongoza mdeki ni mrija wa plastiki unaokaa mahali pa bolti na kuishika fimbo katikati ya chemba. Wengi wanakiruka kwa kubana matumizi. Usikiruke. Ndicho kinacholinda koo lisiliwe na fimbo, na kinazuia dawa isitiririkie kwenye kifyatulio.

Ncha ya kubania kitambaa iwe ya plastiki ngumu au chuma. Ncha ya shaba ya manjano inayeyuka kidogo kwenye dawa ya kutoa shaba na kutia kitambaa rangi ya buluu, ukadhani mtutu bado mchafu kumbe unasoma rangi ya kifaa chako. Brashi ya nyuzi za shaba nyeusi ni ya masizi. Brashi ya nailoni ni ya kusambazia dawa ya shaba. Vitambaa vya pamba au flaneli, mraba wa takriban sentimita 5 kwa .375 na sentimita 4.5 kwa .308. Fulana ya zamani ya pamba inafaa, mradi kitambaa kipite kwa kubana: kisukumwe kwa nguvu ya mkono mmoja, kisiteleze, wala kisihitaji kugongwa.

Dawa ziko za aina mbili. Ya masizi, kama Hoppe's No. 9 ambayo imekuwepo tangu 1903, na ya shaba. Dawa za shaba zenye amonia ni kali na za haraka, lakini zisikae ndani ya mtutu zaidi ya dakika 15. Zisizo na amonia, zikiwemo za povu, huchukua muda mrefu zaidi na ni salama zaidi kwa anayeanza. Ongeza chupa ndogo ya mafuta ya bunduki, grisi kidogo, spiriti ya kuoshea brashi, na glovu za mpira.

Usafi wa kwanza, nyumbani

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Fungua bolti, tazama chemba na magazini, kisha ingiza kidole ndani ya chemba. Risasi zote ziwe chumba kingine. Toa bolti.

2. Chungulia mtutu kutoka upande wa chemba ukielekeza mdomo kwenye karatasi nyeupe yenye mwanga. Unatafuta kizibo cha kiwandani, kipande cha plastiki, grisi iliyoganda. Bunduki iliyokaa ghalani inaweza kuwa na udongo wa mavu ndani. Kitu chochote kinachoziba kinaweza kupasua mtutu kwa risasi ya kwanza.

3. Laza bunduki kwenye kishikizo, mdomo ukiwa chini kidogo kuliko chemba, ili dawa itiririkie mbele. Ingiza kiongoza mdeki.

4. Pitisha vitambaa 2 vilivyolowa dawa ya masizi, kutoka chemba kwenda mdomoni. Kitambaa kikitokeza, kiondoe kwanza, ndipo uvute mdeki. Vinavyotoka vitakuwa na mafuta ya kahawia na mara nyingi unga mweusi wa chuma uliobaki kiwandani. Huo unga ndio hasa hutaki risasi iusukume.

5. Subiri dakika 5. Lowesha brashi kwa dawa, kisha ipitishe mara 10, kwenda na kurudi. Kila mara brashi itokeze yote nje ya mdomo kabla ya kuirudisha. Ukigeuza mwelekeo ikiwa ndani, nyuzi zinakunjika na brashi inakwama. Wakati wa kuirudisha, ivute polepole na kwa mstari ulionyooka, kwani ukingo wa mdomo ndio mahali pa mwisho panapogusa risasi. Ukingo ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na risasi inaenda kombo.

6. Vitambaa vikavu, kimoja kimoja, mpaka kitoke cheupe. Kwa kawaida 3 hadi 5.

7. Kausha chemba kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti. Hatua hii inasahaulika mno. Risasi inapolipuka, ganda lake hutanuka na kushikilia kuta za chemba. Chemba ikiwa na mafuta, ganda linateleza na mzigo mkubwa zaidi unaangukia bolti. Weka grisi kidogo tu nyuma ya masikio ya bolti (vile vipande vinavyoifunga), kiasi cha punje ya mchele kila upande.

8. Kaza skrubu za kitako na za darubini kwa kipimo cha kwenye kitabu cha bunduki. Kwa .375 skrubu huregea kwa teke, na mitutu mingi imelaumiwa kwa kosa la skrubu.

Uwanjani

Fanya kazi hii kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa, asubuhi kabla jua halijawaka sana. Kwa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mwenye leseni hana mahali pengine pa kufanyia hata hivyo. Vaa kinga ya masikio na miwani, pamoja na mto wa bega.

Anzia mita 25. Toa bolti, tazama shabaha kupitia tundu la mtutu, kisha sogeza msalaba wa darubini uangukie hapo hapo. Rudisha bolti, piga risasi moja. Tayari umepata taarifa ya kwanza ya darubini, na ndiyo pia risasi ya kwanza ya kuzoesha.

Sasa safisha. Ngoja mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuchomwa; dawa ikiwekwa kwenye mtutu wa moto inakauka kabla haijafanya kazi. Pitisha kitambaa kimoja cha dawa ya masizi na kimoja kikavu. Kisha kitambaa kilicholowa dawa ya shaba, subiri dakika 5 hadi 10, halafu kikavu. Kitazame kwenye mwanga wa jua. Kijani-buluu iliyokolea ina maana shaba ni nyingi. Rudia mpaka rangi ifikie buluu hafifu sana au ipotee. Malizia kwa vitambaa 2 vikavu na chemba kavu, ndipo upige tena.

Fanya hivyo kwa risasi 5 za mwanzo. Kila raundi itachukua karibu robo saa au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Andika kwenye daftari namba ya risasi, mahali ilipopiga, na rangi ya kitambaa cha kwanza cha dawa ya shaba. Linganisha rangi hizo, kwa sababu zinakwambia mengi kuliko hesabu yoyote iliyoandikwa kwenye mtandao. Mtutu unaotulia utaonyesha rangi ikipungua kuanzia risasi ya tatu au ya nne. Ikipungua, hamia mita 100, piga tatu mfululizo polepole, safisha, piga tatu nyingine, safisha. Kazi imeisha, na darubini iko karibu kuwa sawa.

Rangi isipopungua baada ya risasi 5, endelea moja moja hadi 10, kisha acha vyovyote itakavyokuwa. Mtutu wenye mikwaruzo hauwi laini kwa sababu umepigwa 40 badala ya 10. Baadhi ya mitutu hushika shaba maisha yake yote na bado hupiga vizuri. Inachodai ni kusafishwa mara nyingi zaidi. Kama inashika shaba na pia inatawanya risasi, hakikisha kwanza skrubu, jaribu aina mbili tofauti za risasi, halafu irudishe kwa muuzaji. Usijitibu kwa unga wa kusagia. Unga huo ukitumiwa na asiye fundi unapanua koo na kufuta kingo za mifereji, na hasara hiyo hairudishiki.

Usihukumu mtutu kwa matundu matatu. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati, au moja ikatoka kwa kosa la bega. Piga tano mara mbili, mtutu ukiwa umepoa kati yake, ndipo useme lolote.

Jambo moja kuhusu risasi zenyewe: vichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) vya shaba tupu, kama vya Barnes, huacha shaba nyingi kuliko vile vyenye madini ya risasi ndani. Usibadilishe aina katikati ya zoezi, na unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine baadaye, safisha mtutu mpaka kwenye chuma kwanza. Tabaka la shaba la aina moja huvuruga ulengaji wa nyingine kwa risasi kadhaa.

Baada ya hapo

Mtutu uliotulia hauhitaji kusuguliwa mpaka chuma kila mara. Baada ya siku ya uwanjani, masizi yatolewe. Shaba itolewe unapoona matundu yameanza kutawanyika, au baada ya risasi 50 hivi kwa .375. Osha brashi ya shaba nyeusi kwa spiriti, maana amonia inaendelea kuila hata ikiwa kwenye sanduku. Usichanganye dawa mbili tofauti ndani ya mtutu. Ya kwanza itoke yote, ndipo nyingine iingie.

Mtutu safi wenye mafuta hupiga mahali tofauti na mtutu wenye masizi kidogo. Tofauti inaweza kuwa ndogo, lakini anayekwenda kwa nyati hataki kuigundua porini. Toa mafuta kwa kitambaa kikavu, piga risasi 2 au 3 za kuchafua mtutu uwanjani, hakiki darubini, na uende na mtutu hivyo hivyo bila kuusafisha. Safisha ukirudi.

Pwani mambo ni magumu zaidi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ina unyevu na chumvi, na mtutu wa chuma cha kawaida ulioachwa mkavu unaweza kuonyesha kutu ya machungwa ndani ya siku chache. Baada ya usafi pitisha kitambaa chenye matone 3 au 4 ya mafuta, na urudie kila mwezi hata kama bunduki haijatoka kabatini. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi au sanduku lenye sponji, kwani vyote vinashika maji. Isimamishe mdomo ukiwa chini, ili mafuta yasishuke kwenye kifyatulio na mbao za kitako. Wakati wa masika, kipande cha utepe wa umeme juu ya mdomo wa mtutu kinazuia maji na matope. Hewa inayosukumwa mbele ya risasi hukifumua kabla risasi haijakifikia. Kipande kimoja chepesi tu, bila kuziba kitu ndani.

Risasi za zamani za akiba ya majeshi ya Ulaya Mashariki ni hatari ya pekee. Fataki zake nyingi, yaani viwashio vya baruti vilivyo nyuma ya ganda, zina klorati ya potasiamu, na zikilipuka huacha chumvi inayovuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, yanaifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Dawa yake ni maji ya moto: mimina karibu lita moja kupitia chemba kwa faneli siku hiyo hiyo, kausha kwa vitambaa, kisha ndiyo usafi wa kawaida na mafuta. Chemba na sehemu ya mbele ya bolti nazo zifutwe kwa maji.

Na .22: usiizoeshe. Vichwa vyake ni vya madini ya risasi vilivyopakwa nta au mafuta, shaba ni kidogo au haipo, na shinikizo lake ni dogo. Safisha mafuta ya kiwandani, kisha piga. Matundu yatakuwa yametawanyika kwa risasi 10 hadi 20 za mwanzo mpaka mtutu upate nta ya kutosha, halafu yatakusanyika. Ukiisafisha kila baada ya kupiga unairudisha mwanzo. Kinachohitaji macho kwenye .22 ni pete ngumu ya kaboni inayojijenga mbele kidogo ya chemba. Itoe kwa brashi na dawa ya masizi kila baada ya risasi mia chache. Nyingi za bunduki hizi za kujipakia haziruhusu mdeki kuingia kutoka nyuma, kwa hiyo tumia kamba ya kuvuta, kutoka chemba kwenda mdomoni, ukiivuta sambamba na mtutu ili isisugue ukingo.